Makoti ya Jumamosi

Panya mweupe akishikwa vizuri hapigi kelele. Unamnyanyua kwa mkia, karibu na kiuno, unamweka juu ya mkono wa koti lako, unamwacha akamate kitambaa kwa kucha zake na kunusanusa mpaka atulie, ndipo unampitishia vidole viwili nyuma ya shingo. Nilifundishwa hivyo na mwanamke niliyemzidi umri kwa miaka kama minane. Mikono yangu haijasahau, ingawa siku hizi sina sababu ya kumshika panya yeyote.

Ninayotaka kuyaeleza yalichukua miaka miwili tu, mwishoni mwa miaka ya tisini na kuvuka kidogo. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kupita. Shule niliiacha Unguja nikiwa darasa la saba. Sikufukuzwa wala sikushindwa. Asubuhi moja nilisimama njiani kuwatazama mafundi wakifungua jenereta, nikakaa nao mpaka jioni, na kesho yake nikarudi kwao badala ya kwenda darasani. Maskati nilikuja kwa mgongo wa mama mdogo, aliyetangulia na mumewe. Nikafanya kazi gereji za Ghala, mtaa wa viwanda, nikaendesha gari la maji, nikapanga vigae kwenye stoo, nikatengeneza viyoyozi. Kila kazi niliiacha siku niliyoona nimeshaielewa. Mama mdogo, ambaye nilikaa kwake Ansab katika chumba cha uani, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mimi Mungu kaninyima makalio, ndiyo maana sijui kukaa.

Siku moja nikaitwa kutazama kiyoyozi katika maabara ndogo ya chuo kimoja. Mji mzima ulikuwa ukiniita niupoze, lakini hawa shida yao ilikuwa chumba kupoa. Walitaka nyuzi thelathini, usiku na mchana, zisipande wala kushuka. Ndani mlikuwa na vizimba vya plastiki vilivyopangwa kwenye rafu, na katika kila kizimba panya mmoja mweupe juu ya maranda. Nilimuuliza yule mwanamke aliyekuwa ndani kwa nini panya wa Maskati wapashwe moto. Angeweza kunijibu kwa neno moja na kunirudisha kwenye kiyoyozi changu. Badala yake alichukua karatasi yangu ya kazi, akaigeuza, akanichorea panya.

Alinieleza kwamba panya ana mafuta ya aina mbili. Meupe ni akiba. Ya kahawia, ambayo yapo kidogo tu kati ya mabega, ni jiko. Kazi yake ni kuchomwa ili mwili upate joto. Panya akisikia baridi, ubongo unapeleka habari kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye lile jiko, nalo linawaka. Habari hiyo, ikiwa bado ndani ya ubongo, inabebwa na vitu vidogo sana, vijipande vya protini vinavyoitwa peptidi. Yeye alikuwa na peptidi moja. Alitaka kujua kama hiyo peke yake, bila baridi yoyote, inatosha kuliwasha jiko. Ndiyo maana chumba kikawekwa joto ambalo panya hahitaji kuchoma kitu: jiko liwe limezimika kabisa, kisha amtie panya tone la peptidi kichwani na kutazama.

Nikamuuliza maswali mpaka adhuhuri ikaingia. Wiki iliyofuata nilirudi bila kuitwa. Mwezi wa pili wakaniajiri niwe mtunzaji wa panya.

Dada yule alikuwa mtumishi wa wizara moja, mtaa wa Al Khuwair. Familia yake ilirudi Omani kutoka bara, Tabora, yeye akiwa msichana mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko; alinicheka kwamba mimi nazungumza kama redio ya bibi yake. Alisoma sayansi, lakini wizara ikamweka dirishani kugonga mihuri. Aliomba likizo ya masomo mara tatu ndipo akapewa, miaka miwili, na barua ilisema wazi kwamba haitaongezwa. Ndani ya miaka hiyo miwili awe amewapima panya, ameandika, ametetea alichoandika mbele ya watu na kupata udaktari wake. Asipoweza, anarudi dirishani. Hilo alinieleza wiki ya kwanza, akicheka, na baadaye kila mwezi ulipokwisha alilirudia bila kucheka. Nilianza kumwita daktari. Alinikataza, halafu akazoea.

Nami nilidhani nimemwelewa. Nilidhani kwamba yeye, kama mimi, alitaka kujua kinachotokea ndani ya yule panya, na kwamba hicho kicheo kilikuwa karatasi ya kufungia tu.

Kazi ilikuwa hivi. Kila panya alikuwa na kibomba chembamba kama sindano kilichopandikizwa kichwani, na waya wa kupimia joto chini ya ngozi kati ya mabega. Tulikuwa na visanduku vinne vya kupimia, basi. Panya wanaotiwa peptidi walipimwa Jumamosi, panya wanaotiwa maji ya chumvi tu, wa kulinganishia, walipimwa Jumanne. Haikuwa sawa kuwatenga kwa siku, na yeye alijua. Lakini peptidi ilikuja imegandishwa katika vichupa, na kichupa kikishayeyuka hakigandishwi tena; lazima kitumike asubuhi ileile. Profesa wake, mzee kutoka Ulaya, akaamua kwamba ifanywe hivyo, na kundi la mwisho la panya ligeuzwe siku. Profesa mwenyewe chumba cha panya hakuingia hata mara moja. Manyoya yao yalimvimbisha macho. Alisoma karatasi za grafu ofisini kwake.

Mambo ya usafi yalikuwa yangu. Makoti meupe, yake na yangu, yalikuwa yakipelekwa kwa dobi wa chuo, naye akiyarudisha na madoa ya watu wengine au asiyarudishe. Nikasema nitayapeleka nyumbani. Wikendi wakati ule ilikuwa Alkhamisi na Ijumaa, kwa hiyo nikiyachukua Jumatano, mama mdogo akiyafua Alkhamisi, na Jumamosi asubuhi tunayavaa. Dada yule alifurahi. Alisema ni mara ya kwanza anavaa koti la kazi linalofanana na nguo.

Jumamosi za kwanza zilikuwa kama Idi. Panya walitiwa peptidi, na baada ya dakika chache mstari kwenye karatasi ukaanza kupanda. Nyuzi nusu, nyuzi moja, zaidi. Jumanne, panya wa maji ya chumvi walipanda kidogo wakati wa kushikwa, kisha mstari ukalala chali. Akanipa karatasi mbili niziweke juu ya dirisha, moja juu ya nyingine, niitazame tofauti kwa mwanga wa jua. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kitu kisichoonekana, kilichotiwa kwa tone, kimewasha moto mgongoni mwa mnyama. Nilirudi Ansab nikamhadithia mama mdogo tangu chakula mpaka chai.

"Nnasikia," aliniambia. "Panya kapata homa, na nyie mwacheka."

Nikamweleza kwamba si homa.

"Haya. Huyo daktari wako kaolewa?"

Alikuwa kaolewa, na watoto wawili. Mama mdogo alisikitika kwa sauti, lakini makoti hakuacha kuyashughulikia.

Mwaka wa pili ulianza vibaya. Boksi la vichupa lilikwama uwanja wa ndege siku tatu za joto kwa sababu ya sahihi moja, na lilipotoka barafu yake ilikuwa maji. Lile ndilo lilikuwa la kundi la kugeuzwa siku. Profesa akasema basi, hakuna wakati wa kuagiza tena. Vichupa vilivyobaki frizani vitumike kumalizia kwa utaratibu uleule. Dada yule aliandika kwenye daftari lake kwa wino mwekundu kwamba siku hazikugeuzwa, akapiga mstari chini yake mara mbili. Nilimuuliza kama ni jambo kubwa. Akasema ni jambo ambalo watamuuliza, na atajibu.

Baadaye mama mdogo akasafiri kwenda Unguja, harusi ya mtoto wa nduguye, wiki tatu. Makoti nikayafua mwenyewe. Na Jumamosi tatu mfululizo panya wakalala. Peptidi iliingia, mstari ukatetemeka kidogo, ukalala kama wa Jumanne. Dada yule alikagua kila waya. Alibadilisha sindano. Jumamosi ya tatu alikaa juu ya kiti cha chuma akavua glavu polepole, akasema peptidi imekufa. Huenda friza ilizima siku moja bila mtu kujua. Profesa akamwambia azifute hizo Jumamosi tatu, sababu inajulikana.

Jumamosi ya nne mstari ukapanda kama zamani. Alinishika bega kwa furaha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mimi nilikuwa nimeshika kichupa kitupu nasoma namba iliyoandikwa pembeni. Ilikuwa namba ileile ya vile vya wiki tatu zilizopita. Boksi moja, friza moja. Kama peptidi ilikufa, imefufukaje?

Hapo nilipaswa kuuliza kwa sauti. Sikuuliza, kwa sababu nilitaka kwanza kujua mwenyewe. Ndiyo tabia yangu. Zamani Ghala alikuja mteja ambaye gari lake lilikuwa likizima kila Jumamosi asubuhi. Mafundi walifungua kabureta mara mbili. Mwisho fundi mmoja mzee, Mmalabari wa India, akamuuliza Ijumaa huwa anakwenda wapi, akasema huwapeleka watoto wadi, kwenye bonde la mto, wakicheza, naye hulivusha gari majini kuwafurahisha. Basi nikaanza kutafuta Ijumaa ya panya. Chakula kilikuwa kilekile. Maranda yaleyale. Joto la chumba nilikuwa nalo kwenye daftari langu, saa kwa saa, halikusogea. Niliandika kila kitu kilichokuwepo Jumamosi nzuri na hakikuwepo Jumamosi mbaya, na orodha yangu ilikuwa tupu.

Ijumaa iliyofuata nilitoka msikitini nikakuta mama mdogo uani. Mbele yake chetezo, na juu ya chetezo kitenga cha miti, na juu ya kitenga makoti yetu mawili yametandazwa kama vazi la bwana harusi. Moshi ulikuwa ukiingia chini na kutokea kwenye mikono. Alikuwa amefanya hivyo kila wiki kwa mwaka na zaidi, nami nimepita hapo kila wiki. Nguo zote za nyumba ile zilipita pale: kanzu, mitandio, mashuka. Nyumba zote tulizozijua zilifanya hivyo. Nguo iliyofuliwa tu, bila udi, kwetu ni nguo ambayo haijamaliza kufuliwa. Nami nilipoyafua mwenyewe wiki zile tatu sikuyafukiza, kwa uvivu tu.

"Mbona wanikodolea macho?" mama mdogo aliuliza. "Udi wangu mzuri huu, sikuutia hata kwenye harusi. Nnamtilia daktari wako."

Nilimwambia ni mzuri, nikaingia chumbani kwangu nikakaa kitandani.

Dada yule alishanieleza, mwanzoni kabisa, kwamba baridi si kitu pekee kinacholiwasha lile jiko. Panya akiogopa nalo linawaka. Ndiyo maana tulitembea kwa soli za mpira na hatukupiga soga wakati wa kupima. Na panya anaishi kwa pua. Kila Jumamosi tulikuwa tukimweka juu ya mkono wa koti lililofukizwa jana yake, pua yake ndani ya kitambaa, tukimsubiri atulie. Ikifika Jumanne makoti yamevaliwa siku tatu, yamefifia, na panya wameyazoea. Yeye na mimi hatukusikia kitu. Mtu kutoka nyumba nyingine angeingia akauliza harufu gani hii. Lakini mtu pekee wa namna hiyo alikuwa profesa, na profesa hakuingia.

Ilikuwa dhana tu. Nilijitahidi kuiombea iwe dhana. Jumatatu nilirudi nyumbani na koti langu, nikalifukiza mwenyewe. Jumanne dada yule alikuwa Al Khuwair kufuatilia barua zake. Siku za maji ya chumvi alishaniamini kufanya peke yangu. Nilivaa lile koti. Nikamtoa panya wa kwanza, nikamweka mkononi, akanusanusa. Nikamtia maji ya chumvi, nikamweka kwenye kisanduku. Kisha wa pili, wa tatu, wa nne.

Mstari ukapanda. Ulipanda kwa wote wanne, kwa umbo lilelile nililolitazama kwa mwanga wa jua mwaka uliopita. Hapakuwa na peptidi humo, ni maji na chumvi. Nilisimama mpaka karatasi ikafika ukingoni ikaanza kujikunja sakafuni. Maisha yangu yote nilikuwa nikifungua vitu ili nijue kilicho ndani, na kila mara nilipokijua nilipata raha. Siku ile nilijua, na nilihisi kama mtu aliyefungua mlango akakuta chumba ni chake na kimeungua.

Nilikaa na ile karatasi siku kumi na moja. Siku hizo alikuwa akiandika sura ya mwisho. Profesa alimpongeza. Alileta sahani ya halwa chumba cha nje, tukala na walinzi, na mmoja wa walinzi akamuuliza akishakuwa daktari atatibu panya au watu. Akasema ataanza na walinzi, maana ndio wenye mafuta. Nilicheka na wenzangu.

Ningeweza kunyamaza. Naliandika hili kwa sababu kila aliyenisikia nikilisimulia amenihakikishia kwamba sikuweza. Niliweza kabisa. Karatasi moja, pipa la taka. Kilichonifungua mdomo hakikuwa uaminifu. Nilishindwa kuvumilia kuwa peke yangu nalijua. Na nilimdhania yeye kwamba akilijua atapata, katikati ya maumivu, ile raha.

Nikamwambia Jumamosi, kabla hajavaa koti. Nilimpa karatasi na daftari langu, nikamweleza tangu harusi ya Unguja. Hakunikatiza. Nilipomaliza alichukua koti lake msumarini akaliweka usoni, akavuta pumzi ndefu.

"Sisikii kitu," alisema. "Hii ni harufu ya nguo."

Akavuta tena. Kisha akaliweka mezani, akalikunja vizuri, mikono ndani, kama anayemkunjia mtoto.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mama mdogo wako?"

"Hajui. Sitamwambia."

Panya walikuwa wakikwaruza plastiki. Nilimsubiri aulize swali, aseme tujaribu hivi, tubadilishe vile, kama alivyokuwa akifanya sindano ikiziba. Akaniambia nitoke nje nimwache.

Wiki mbili zilizofuata alipima mwenyewe, kwa koti jipya lililotoka moja kwa moja kwenye mfuko wa duka. Kwa vichupa vya mwisho, panya walilala. Lakini hilo nalo halikusema kitu. Huenda peptidi haifanyi kazi. Huenda inafanya kazi, na vichupa vyetu vilichoka kwa kukaa frizani. Huenda ilikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo, na udi ukaongeza juu yake. Ili kujua tungehitaji boksi jipya, panya wapya na miezi minane. Alikwenda kwa profesa. Alirudi akaniambia, bila hasira, kwamba profesa amemshauri asiguse kitu: matokeo yake yanaelekea kule ambako wengi wanatarajia, na hakuna mtu duniani atakayemuuliza habari za udi.

"Ni kweli," alisema. "Hakuna atakayeniuliza."

Nilimwambia basi afanye anavyoona. Alinitazama namna ambayo sikuielewa wakati ule.

Kilichofuata alikifanya kwa siku nne. Alichoandika hakukipeleka. Aliandika barua wizarani akieleza kila kitu, makoti, Jumamosi na Jumanne, akaomba miezi minane. Jibu lilikuja kwa karatasi nusu. Likizo yake inakwisha tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya kwanza. Mtu mmoja wa ofisi hiyo, aliyeisoma ile barua, alimpigia simu kumuuliza kama ni yeye yule aliyefukiza panya ubani, na nyuma yake watu walikuwa wakicheka. Alinihadithia hilo akiwa anafunga maboksi. Habari ilishaenea. Katika mji wetu mtu anaweza kusamehewa kushindwa, lakini kuchekwa kunamfuata mpaka kwenye harusi za watoto wake.

Siku ya kufunga chumba tuliwaua panya wote. Lilikuwa jambo la kawaida, wote wangeuawa mwishoni hata kama mambo yangekwenda vizuri; nilijua tangu mwanzo. Tuliwaweka wanne wanne kwenye sanduku na kufungulia gesi, na wakilala nilimpa mmoja mmoja. Aliwapasua kati ya mabega, akayatoa yale mafuta na kuyapima, ingawa hakukuwa tena na wa kumpelekea. Ni vipande viwili vidogo, vimetandaa kama mabawa ya kipepeo, rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa ameahidi siku ya kwanza kwamba ataniachia niyatazame vizuri. Akasogea nikatazama.

"Umeona?" aliuliza.

Nikasema nimeona. Aliandika uzito wake, akaendelea na mwingine.

Mama mdogo sikumwambia. Aliuliza mbona makoti hayaji tena, nikasema kazi imekwisha. Akasema hata hiyo nimeiacha. Alifariki miaka mitatu baadaye akiamini hivyo, kwamba niliiacha kama zile nyingine, na mazishini nilisikia watu wakilisema tena lile la makalio.

Nilirudi kwenye kupita. Nikawa mtu wa kufuatilia karatasi kwa mkandarasi mmoja: kutoka ofisi hadi ofisi, foleni hadi foleni. Sikuwa na hamu ya kufungua kitu chochote. Gari lilipoharibika nililipeleka kwa fundi nikakaa nje kwenye benchi nikisubiri, nisitake hata kuuliza lilikuwa na nini.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye dirisha lake. Nilijua wizara, sikujua ghorofa. Namba yangu ikaitwa, nikasogea, akainua uso. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa miwani. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia mama mdogo ametutoka, akamwombea rehema. Nilimuuliza watoto. Mkubwa yuko sekondari. Alikuwa akigonga mihuri huku akizungumza, bila kutazama mkono, kila muhuri mahali pake.

Nikamuuliza kama hafikirii kurudi. Nilimwambia huenda siku hizi wameshajua, kwingineko, kama ile peptidi inawasha au haiwashi. Ningependa kujua.

Mkono ukasimama.

"Kaka, mimi sitaki kujua. Sikutaka hata wakati ule."

"Ulikuwa ukinieleza kwa masaa."

"Nilikueleza kwa sababu uliuliza. Mimi nilitaka kuwa daktari. Nilitaka nitoke kwenye kiti hiki." Alisema polepole, na watu nyuma yangu hawakusikia. "Aliyetaka kujua ulikuwa wewe. Ungejua, ukaninyamazia, ningeandika na nisingekosa usingizi hata siku moja. Lakini ulipokwisha kuniambia, sikuwa na njia."

Nilimwambia anisamehe. Akasema alishasamehe zamani, na kwamba hakusema hivyo ili niombe. Alipanga karatasi zangu, akazigonga ukingo kwenye meza zilingane, akanionyesha moja ambayo haikuwa na sahihi ya mkandarasi. Nirudi nayo kesho, na nisichukue namba, nije moja kwa moja dirishani kwake.

Kesho yake nilimtuma mwenzangu.